Taka za Kielektroniki Kisiwani Unguja: Kompyuta na Vifaa Vilivyokufa Viende Wapi?

Malengo. Baada ya kusoma sehemu hii, mtahiniwa aweze: (a) kueleza maana ya taka za kielektroniki, (b) kutaja sumu na mali iliyomo ndani yake, (c) kueleza kwa nini hatari yake ni kubwa zaidi kisiwani, (d) kupanga kwa mfuatano hatua za kushughulikia kifaa chakavu, (e) kutaja sheria na mikataba inayohusika.

1. Maana

Taka za kielektroniki ni vifaa vyote vilivyokuwa vikitumia umeme au betri ambavyo mwenyewe ameviacha kwa kuwa vimeharibika, vimepitwa na wakati au havitakiwi tena. Kompyuta, simu, runinga, redio, majokofu, pasi, feni, taa, chaja na nyaya zake zote zimo. Watahiniwa wengi hutaja kompyuta na simu tu. Huko ni kupoteza alama, kwani kwa uzito, vifaa vya nyumbani ndivyo vinavyochukua sehemu kubwa.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inaonesha kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi. Ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia 1.

2. Vifaa hivi vilifikaje Unguja?

Zanzibar ilianza mapema. Televisheni ya rangi ilianza kurushwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika kusini mwa Sahara. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipofunguliwa, makontena ya redio, runinga na majokofu yalianza kuingia kwa wingi kutoka Dubai na kwingineko, vifaa vipya na vilivyotumika. Umeme ulipokatika Unguja nzima kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waliokuwa na uwezo walinunua jenereta. Kisha zikaja simu za mkononi na kompyuta katika kila ofisi na skuli.

Kifaa kilichotumika huuzwa kwa bei nafuu, na kwa familia nyingi ndiyo njia pekee ya kupata jokofu. Lakini kinakuja kikiwa kimebakiza umri mfupi. Aliyekitumia Ulaya miaka kumi amefaidi sehemu kubwa ya maisha yake. Anayekipokea Unguja hupata miaka michache, kisha hubaki na taka. Hili ni jambo muhimu katika swali lolote linalohusu faida na hasara za mitumba.

3. Ndani ya kifaa mna nini?

Mna vitu vya aina mbili, mali na sumu, na mara nyingi vimeshikana.

*Mali:* shaba katika nyaya na mota. Alumini na chuma katika makasha. Dhahabu na fedha kidogo katika bodi za saketi. Tani moja ya simu ina dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya kawaida ya mgodi wa dhahabu. Japani ilithibitisha jambo hili kwa vitendo: medali zote takriban 5,000 za michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo 2020 zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa katika simu na vifaa vidogo vilivyochangwa na wananchi. Zilipatikana kilo 32 za dhahabu.

*Sumu:*
- Risasi imo katika kioo kinene cha runinga za zamani zenye mgongo, katika betri za gari na za sola, na katika lehemu ya vifaa vya zamani. Huharibu ubongo na mishipa ya fahamu.
- Zebaki imo katika taa za mirija na katika vioo bapa vya kompyuta vya miaka ya nyuma.
- Kadimiamu imo katika baadhi ya betri za kuchaji za zamani. Hudhuru figo na mifupa.
- Gesi za majokofu ya zamani hutoboa tabaka la ozoni na huongeza joto la dunia. Gesi ya R-12 ina nguvu ya kuongeza joto takriban mara 10,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule.

Kumbuka: kifaa kikiwa kizima hakimdhuru anayekitumia. Madhara huanza kinapovunjwa, kinapochomwa au kinapoachwa kioze.

4. Kwa nini kisiwa kina hatari zaidi?

Hapa ndipo penye uzito wa mada hii. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Ni jiwe lenye matundu na mapango. Vijito vinavyoshuka kutoka sehemu za juu hupotea ardhini vinapofika kwenye jiwe hilo. Mvua pia huzama upesi. Maji hayo yaliyozama ndiyo tunayoyavuta tena kwa visima na kuyachota katika chemchemi. Tangu enzi za Sultani Barghash, aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, mpaka visima vya leo, mji umekuwa ukinywa maji ya chini ya ardhi. Unguja haina mto mkubwa wala ziwa la kukimbilia.

Basi fikiria betri iliyotupwa shimoni nyuma ya nyumba. Asidi yake huvuja, mvua huiosha pamoja na risasi, na jiwe lenye matundu halichuji vizuri kama udongo mzito wa mfinyanzi. Taka za mjini hupelekwa dampo la Kibele, Wilaya ya Kati. Hapo pia ni ndani ya kisiwa hikihiki. Mkaazi wa bara anaweza kujidanganya kwamba taka zimekwenda mbali. Mkaazi wa kisiwani hana mbali. Kifaa kilichoshushwa bandarini Malindi kina njia mbili tu: kiondoke tena kwa chombo, au kibaki juu ya maji tunayokunywa.

5. Makosa yanayofanyika

*(a) Kuchoma nyaya ili kupata shaba.* Plastiki inayofunika nyaya nyingi ina klorini. Ikichomwa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi inayowasha macho na mapafu, pamoja na sumu ziitwazo dayoksini. Wanaochoma mara nyingi ni vijana wanaouza vyuma chakavu kwa kilo. Shaba iliyoungua hata thamani hupungua; kumenya waya kwa kisu hutoa shaba safi bila moshi.

*(b) Kupasua runinga ya mgongo.* Anayeipasua anataka shaba iliyozungushwa shingoni mwa kioo. Ndani ya kioo hicho hamna hewa, hivyo kinaweza kupasuka kwa kishindo. Vipande vyenye risasi hubaki uwanjani, mahali watoto wanapochezea. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyoingia tumboni mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

*(c) Kukata mabomba ya jokofu.* Gesi yote hutoka kwa dakika chache. Fundi mwenye mtambo wa kunyonya gesi ndiye anayepaswa kuitoa kwanza.

*(d) Kumwaga asidi ya betri* ili zibaki sahani za risasi. Mtaro hupeleka asidi hiyo baharini au ardhini.

6. Hatua sahihi kwa mfuatano

Chukulia mfano huu. Skuli moja ya Ng'ambo ina kompyuta 20 mbovu zilizofungiwa stoo. Mwalimu mkuu aanze wapi?

*Kwanza, kagua na tengeneza.* Fundi akichanganya vipuri, kompyuta kadhaa zitafufuka. Mafundi wetu wa mitaani ni kinga ya kwanza dhidi ya taka. Mfano mzuri ni king'amuzi: Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, familia nyingi ziliunganisha king'amuzi kwenye runinga zao za zamani, zikaendelea kutumika badala ya kutupwa.

*Pili, futa taarifa.* Kulifuta faili kwa kawaida hakuliondoi. Kompyuta huondoa anwani yake tu, na yaliyomo hubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake. Diski yenye alama za wanafunzi iandikwe upya yote kwa programu maalumu, au itobolewe.

*Tatu, fuata utaratibu wa mali.* Kompyuta ya skuli ya serikali ni mali ya umma. Haigawiwi wala haiuzwi kabla ya kuondolewa rasmi katika daftari la mali. Hatua hii hurukwa na wengi, ndiyo maana stoo hujaa vifaa ambavyo kila mtu anaogopa kuvigusa.

*Nne, tenganisha.* Betri ziwekwe peke yake, mahali pakavu. Betri za simu na kompyuta mpakato zisitobolewe, kwani huwaka moto. Taa za mirija zisivunjwe. Nyaya, makasha na bodi kila kimoja na fungu lake.

*Tano, kusanya na safirisha.* Chuma na alumini vina soko la karibu. Bodi za saketi zinahitaji viwanda vichache maalumu duniani, kama kile cha Hoboken, Ubelgiji. Katika Afrika Mashariki, vituo vya kuvunja vifaa kwa usalama vipo Nairobi, Kenya, na Bugesera, Rwanda. Hakuna mfanyabiashara atakayevusha kompyuta tano baharini, lakini kontena zima lina thamani. Kwa hiyo skuli, ofisi, hoteli na shehia zikikusanya pamoja, gharama ya kuvuka bahari hugawanyika.

Shaba inayopatikana husafishwa kwa elektrolisisi: shaba chafu huwa anodi, shaba safi hujikusanya kwenye kathodi. Ni jaribio lilelile la Kemia.

7. Sheria na mikataba

Mazingira si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015, inayosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA). Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Kimataifa kuna Mkataba wa Basel wa 1989, unaodhibiti usafirishaji wa taka za hatari kutoka nchi hadi nchi. Tangu tarehe 1 Januari 2025, taka zote za kielektroniki haziwezi kuvushwa mpaka nchi inayopokea iridhie kwanza. Mkataba wa Bamako wa 1991 unakataza kuingiza taka za hatari Afrika kutoka nje ya bara hili. Mwanya uliopo ni kwamba kifaa kibovu huandikiwa kwenye karatasi kuwa "kilichotumika". Dawa yake ni kukagua bandarini kama kweli kinafanya kazi.

8. Mtahiniwa azingatie

- Usiandike "serikali itoe elimu" ukaishia hapo. Eleza elimu gani, kwa nani: mfano, kuwafundisha wakusanyaji wa vyuma chakavu kumenya nyaya badala ya kuzichoma.
- Usiwalaumu wakusanyaji peke yao. Ndio wanaorejeleza chuma na shaba yetu. Kinachokosekana ni vifaa, mafunzo na mahali pa kupeleka sehemu zisizo na bei.
- Tofautisha kutumia tena na kurejeleza. Kutumia tena ni kifaa kuendelea na kazi yake. Kurejeleza ni kukivunja na kutengeneza kitu kipya kwa malighafi zake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia takwimu za sehemu ya 1, kokotoa tani zilizorejelezwa rasmi duniani mwaka 2022.
2. Kwa nini taka zilizotupwa Kibele haziwezi kusemwa kuwa "zimekwenda mbali"? Toa hoja tatu.
3. "Jokofu la mtumba ni rahisi kulinunua, ghali kulitupa." Jadili.
4. Andika barua rasmi kwa mwalimu mkuu ukipendekeza hatua tano za kuondoa kompyuta mbovu stoo.

Mwongozo. Swali la 1: 62,000,000 × 0.223 = tani 13,826,000, yaani takriban tani milioni 13.8. Swali la 2: gusia jiwe la matumbawe, chanzo cha maji na mipaka ya kisiwa. Swali la 3: pima pande zote mbili kabla ya kutoa msimamo wako. Swali la 4: zingatia muundo wa barua rasmi, na usisahau hatua ya daftari la mali.