Nani Ataleta Mahindi Kinuni?

Si vigumu kukuta, katika vituo vya biashara vya mashambani nchini Kenya, nyumba ya mabati yenye kinu cha posho kisichosaga. Kufuli la mlangoni limeshika kutu, na ukutani maandishi ya rangi yangali yakisomeka kwamba hapa husagwa unga laini kila siku. Ndani mashine imekaa juu ya msingi wake wa saruji, nzima, haina ila. Majirani watasema mwenyewe alikuwa mvivu, au kwamba alilogwa. Ukweli kwa kawaida ni mfupi zaidi: mahindi hayakuja.

Fedha zilizonunua mashine ya namna hiyo si fedha za mchezo. Mara nyingi ni malipo ya uzeeni ya mwalimu aliyestaafu, au bonasi ya majani chai iliyowekwa miaka mitatu minne, au mkopo wa chama ambao wanachama wenzake wameudhamini kwa akiba zao wenyewe. Kinu kikisimama, mkopo hausimami. Na jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wa wapatao hasara hii walikuwa wamefanya hesabu. Walijua bei ya mashine, bei ya saruji na mabati, gharama ya kuvuta umeme, kodi ya nyumba na ada ya leseni ya kaunti. Waliandika yote hayo katika daftari safi. Walichosahau kuhesabu ni watu.

Mtu anayetaka kufungua kinu akiulizwa ni nani watakaokuja kusaga, jibu huwa tayari: kila mtu hula ugali. Neno hilo ni kweli, lakini halimsaidii. Kila mtu hula ugali, ila si kila mtu huenda kinuni. Na yule aendaye kinuni tayari anacho kinu anachokwenda. Mashine mpya haiwaletei wanakijiji njaa mpya. Haina budi kutafuta riziki yake katika debe lilelile ambalo leo linapelekwa mahali pengine.

Yafaa jambo hili lionyeshwe kwa tarakimu. Kiasi kinachotajwa mara nyingi kuhusu Kenya ni kwamba mtu mmoja hutumia mahindi ya karibu kilo 90 hadi 100 kwa mwaka. Ikichukuliwa kilo 95, nyumba ya watu watano hutumia kilo 475 kwa mwaka, yaani kilo 9 hivi kwa juma, ambazo ni gorogoro nne na nusu. Ikiwa nyumba zilizo katika mwendo wa kufaa kutoka kituoni ni 200, basi mahindi yao yote ni kilo 1,800 kwa juma. Mtu aonaye idadi hiyo peke yake atadhani ameuona utajiri. Lakini ikiwa nusu ya nyumba hizo hununua unga wa pakiti dukani, zimebaki kilo 900. Ikiwa vipo vinu viwili tayari, na kinu cha tatu kikabahatika kupata fungu sawa na wenzake, kitapata kilo 300 kwa juma, au kilo 50 kwa siku katika siku sita za kazi. Mashine ndogo ya kawaida husaga kilo 200 au zaidi kwa saa moja. Kwa hiyo mashine hii iliyonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi itanguruma robo saa kila siku, na saa zilizobaki mwenyewe atakaa mlangoni akifukuza nzi.

Tarakimu hizo ni za mfano tu, na kila mahali pana zake. Kuzipata hakuhitaji elimu kubwa. Nyumba huhesabiwa kwa miguu, kwa siku mbili au tatu, na mwendo wa kufaa hupimwa kwa mtoto mwenye kopo kichwani, si kwa mwenye pikipiki. Mara nyingi mtoto ndiye atumwaye kinuni, naye hatapanda mlima wa pili ikiwa kinu kingine kiko chini ya ule wa kwanza. Baada ya hapo ni kukaa njiani kimya na kuhesabu madebe yapitayo: siku ya soko, siku isiyo ya soko, na siku moja katika mwisho wa mwezi, mishahara ikishalipwa. Anayehesabu siku ya soko peke yake atajidanganya vibaya sana.

Hesabu ya majira nayo ni muhimu kama hesabu ya nyumba. Katika Trans Nzoia na Uasin Gishu mahindi huanza kuvunwa kadiri ya mwezi wa Oktoba, na kwa miezi kadhaa baada ya hapo mtu mwenye ghala haoni sababu ya kununua pakiti. Ifikapo Juni na Julai maghala mengi yamekwisha, na mwenye kinu aliyekuwa na foleni Januari atashangaa wateja wake wamekwenda wapi. Hawakumchukia. Hawana mahindi. Basi mtu akilinganisha mapato yake na mkopo wa kulipwa kila mwezi, na alinganishe mwezi ulio mbaya, wala si ule mzuri.

Wenye kuleta mahindi nao si wa aina moja. Yuko mkulima aletaye debe zima la mahindi yake mwenyewe, ambaye hutazama bei ya kusaga na uzito wa unga anaorudishiwa. Yuko mama mwenye mtoto mchanga, aletaye wimbi na mtama kidogo kwa ajili ya uji. Huyu hatazami bei sana, ila hatarudi tena akikuta uji wake una chembe za mahindi ya mtu aliyemtangulia. Yuko mfugaji wa kuku atakaye kusagiwa chakula cha kuku pamoja na omena. Fedha za mfugaji huyo ni nzuri, lakini mashine ikishasaga omena, unga wa ugali utakaofuata utanuka samaki, na habari hiyo hufika kijiji cha pili kabla ya jioni. Anayewataka wote wawili anahitaji mashine mbili. Asiyeweza kununua mbili hana budi kuamua ni nani atakayemwacha, na uamuzi huo ni mgumu kwa mtu aliyezoea kusema kwamba wateja wake ni kila mtu.

Mahali napo hubadili wateja. Ukambani wako watakao mahindi yao yakobolewe tu kwa ajili ya muthokoi, na kinu kisicho na mashine ya kukoboa huwaona wakipita mlangoni. Nyanza na magharibi mwa nchi wengi huchanganya muhogo mkavu na mtama au wimbi kwa ugali wao. Katika mitaa ya Nairobi kama Kawangware na Kibera, wengi hawana mahindi kabisa. Mtu hupata ujira wake jioni na kununua unga wa kutosha usiku ule, kwa hiyo mwenye kinu huko lazima anunue mahindi mwenyewe, asage, auze kwa kupima. Biashara hiyo ni nyingine kabisa, nayo yataka fedha nyingi zaidi za kuzungusha.

Sasa kuhusu wale washindani. Watu wengi humtazama mwenye kinu wa jirani kama adui, wakapita mbali na mlango wake. Wahenga walisema biashara haigombi, na katika jambo hili walisema vema, kwa kuwa hakuna mwalimu bora kuliko kinu kilichokwisha kusaga kwa miaka 10 mahali pale pale. Mwenye busara atabeba gorogoro mbili za mahindi yaliyopimwa na kuzipeleka katika kila kinu kilicho karibu, siku mbalimbali, alipe kama watu wengine. Atajua amengoja muda gani, amerudishiwa uzito gani, na kama unga ni laini au una machicha. Atajua kama mwenye kinu hufunga saa saba mchana akaenda kula huku watoto wa shule wakimngoja juani. Tena atakuwa katika foleni, na foleni husema. Mama aliyetoka mbali akiulizwa kwa heshima kwa nini hakusagia kwa jirani yake, pengine atajibu kwamba kule umeme hupotea kila siku ya pili, au kijana wa pale hana adabu, au pale pana deni lake ambalo hataki kukumbushwa. Katika majibu hayo hakuna hata moja lililohusu bei.

Hata hivyo aliyemaliza kuvichunguza vinu vyote bado hajamwona mshindani aliye mkubwa kuliko wote, kwa sababu huyo hana mashine kituoni. Anakaa juu ya rafu ya duka, naye ni unga wa pakiti. Duka humpita mwenye kinu kwa jambo moja ambalo mashine hailiwezi: hukopesha. Mama asiye na shilingi siku ya Jumanne atapewa pakiti, jina lake liandikwe daftarini, alipe mwisho wa juma. Kinuni ataambiwa alipe kwanza.

Historia ya pakiti na kinu nchini Kenya yafaa kujulikana na kila atakaye kuweka fedha zake katika biashara hii. Kabla ya mwisho wa mwaka 1993 Serikali ilizuia mahindi yasisafirishwe ovyo kutoka wilaya hadi wilaya, na bei ya sembe ya viwanda vikubwa iliwekwa na sheria. Mkaaji wa mjini hakupata kwa urahisi mahindi ya kupeleka kinuni, hivyo alikula pakiti. Vizuizi hivyo vilipoondolewa, na msaada wa fedha za umma katika bei ya sembe ukaondolewa pia, vinu vya posho vilistawi mijini, na familia nyingi za mapato madogo zikaacha pakiti. Wenye vinu hawakuwa wamefanya ujanja wowote. Sheria ilibadilika.

Mwaka 2017 upepo uligeuka. Baada ya ukame, pakiti ya kilo 2 ilikuwa imepita shilingi 140, na mwezi wa Mei Serikali ikaanza kuwauzia wenye viwanda gunia la kilo 90 kwa shilingi 2,300 ili pakiti iuzwe kwa shilingi 90. Sokoni gunia lilikuwa limepita shilingi 4,000. Mwenye kalamu ataona mara moja maana yake: kwa bei hiyo ya soko, kilo mbili za mahindi tupu, kabla ya kusagwa, ziligharimu karibu shilingi 89. Palipopatikana pakiti hiyo ya shilingi 90, hakuna mtu mwenye akili aliyekuwa na sababu ya kununua mahindi, kuyabeba hadi kinuni na kulipa tena ada ya kusaga. Julai 2022 jambo kama hilo lilitokea mara ya pili, pakiti iliyokuwa imepita shilingi 200 ilipoamriwa kuuzwa kwa shilingi 100 kwa muda. Kati ya matukio hayo mawili kulikuwa na lile la Novemba 2019, wakati Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa liliposimamisha uuzaji wa unga wa aina tano kwa sababu ya sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Wako waliogopa pakiti wakati huo. Lakini mwenye kinu asijivune upesi, kwani mwaka 2004 zaidi ya watu 100 walikufa Ukambani kwa sumu hiyohiyo, na chanzo kikubwa kilikuwa mahindi ya nyumbani yaliyowekwa na unyevu.

Wako waonao kwamba njia ya kumshinda huyo wa rafuni ni kuingia rafuni wenyewe, yaani kufunga unga wao katika pakiti yenye jina. Tangu 2012 sheria yataka unga wa mahindi wa pakiti utiwe vitamini na madini, nao lazima uwe na alama ya ubora. Mwenye mashine moja aingiapo huko amewaacha washindani wawili wa kijijini na kujichagulia viwanda vya Nairobi, Thika na Eldoret.

Basi yule aliyepata kilo 300 katika hesabu yake afanye nini? Anaweza kununua mashine ya kukoboa badala ya ile ya kusaga, ikiwa foleni ilimwambia kwamba watu huenda mbali kukoboa. Anaweza kutafuta kituo kingine, ng'ambo ya mto, ambako watoto hutembea saa nzima na madebe yao. Anaweza kuona kwamba wenye ng'ombe na kuku wamekuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa, akasaga chakula cha mifugo tu. Au anaweza kungoja ahesabu mara ya pili: mara moja Julai, maghala yakiwa matupu, na mara moja tena baada ya mavuno. Katika miezi hiyo fedha zake zitakaa benki, na mashine bado zitakuwa zinauzwa mjini.