Plastiki kukatika shambani si kuoza

WAKULIMA wanaotandaza plastiki kwenye matuta ili kuzuia magugu na kutunza unyevu wanashauriwa kutofautisha inayooza na ile inayokatikakatika tu.

Plastiki ya kawaida ya polithini haiozi. Isipokusanywa baada ya mavuno, mabaki yake hurundikana ardhini na kuzuia maji na mizizi kupenya.

Inayooza huweza kufukiwa. Bakteria na kuvu wa udongoni hutoa vimeng'enya vinavyoikata vipande vidogo mno, kisha huvila na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na maji. Udongo ukiwa mkavu au wa baridi, kazi hiyo huchelewa.

Kiwango cha Ulaya, EN 17033 cha mwaka 2018, kinataka asilimia 90 iwe imeoza ndani ya miaka 2, lakini hupimwa maabara, kwenye joto la karibu nyuzi 25.

Ya kuogopwa ni plastiki iliyotiwa kemikali za kuharakisha kupasuka. Hutoweka machoni, chembe zikabaki ardhini. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2021.

Kabla ya kulipa, mkulima adai cheti kinachosema inaoza udongoni, si kwenye mboji ya kiwandani, ambako joto ni kali zaidi.