SIFONGO ATANDAYE JUU YA MAWE: JINSI YA KUMTAMBUA

Kwa wakulima wa mwani na wa sifongo, pwani ya Unguja

Ewe mkulima wa pwani, maji yakupwapo hukosi kuona juu ya mawe, vigingi na hata kamba zako kitu kilichotanda kama utando, chekundu, cha manjano au cheusi. Wengi hudhani ni mmea au uchafu. Yafaa ujue kwamba huenda ni sifongo, naye ni mnyama.

Alama zake ni hizi:

1. Tazama matundu. Sifongo ana vitundu vidogo mno vya kuingizia maji, na matundu makubwa machache ya kuyatolea. Mmea hauna matundu hayo.

2. Mguse kwa kijiti. Yuko mnyama mwingine afananaye naye, mwenye mwili wa mfuko laini, ambaye akiguswa hufumba matundu yake mara. Sifongo hafumbi upesi hivyo.

3. Usitegemee rangi peke yake, kwa maana akitolewa majini yaweza kubadilika.

Usimshike kwa mkono mtupu. Aina nyingi zina miiba midogo kama vipande vya kioo, na nyingine zina sumu iwashayo ngozi.

Ukitaka kumweleza kwa mtaalamu, andika mahali, tarehe, kina cha maji, rangi yake akiwa hai, unene, ugumu, utelezi na harufu. Mtaalamu naye huyeyusha nyama na kuipima miiba kwa hadubini.

Si kila sifongo atandaye ni mharibifu. Lakini jihadhari na mmoja aitwaye Terpios hoshinota, jina alilopewa mwaka 1993. Rangi yake ni ya kijivu hata nyeusi, unene wake haufiki milimita 1, naye hutanda juu ya matumbawe hai na kuyaua. Katika Bahari yetu ya Hindi amekwisha kuonekana Maldives. Ukiona utando wa namna hiyo, usiukwangue, bali mwarifu afisa wa uvuvi.

Neno la mwisho. Kipande cha sifongo kilichokatwa chaweza kushika na kukua tena. Ndivyo wapandavyo wakulima wa sifongo wa kuogea huko Jambiani. Basi usafishapo kamba, makombo yote yachukue nchi kavu. Ayatupaye shambani hupanda magugu kwa mkono wake mwenyewe.