Bei Iliyoandikwa kwa Makosa: Je, Mwenye Duka Hufungwa Nayo?

Watu wengi huamini kwamba bei ikisha kuandikwa na kubandikwa juu ya kitu, maneno yamekwisha: mwenye duka hana budi kukiuza kwa bei hiyo hiyo, hata ikiwa aliyeiandika alikosea. Imani hii ina nguvu sana miongoni mwetu wanafunzi, na wazazi wengine pia huishika, nayo huleta ugomvi madukani mara kwa mara. Yafaa basi tuichungue.

Tuseme mwenye duka anauza baiskeli kwa Sh. 245,000. Kijana wake wa dukani anaandika kadi ya bei kwa haraka, anasahau sifuri moja, na kadi inasomeka Sh. 24,500. Mzee mmoja apitaye njiani anaiona, anaingia, anahesabu fedha na kuziweka mezani. Mwenye duka anashtuka. "Samahani sana mzee, bei hii imekosewa." Mzee anajibu, "Mmeiandika wenyewe, sikuiandika mimi. Nipe baiskeli yangu." Nani mwenye haki?

Kwa mujibu wa sheria, baiskeli ile si yake bado. Ili mapatano ya kuuziana yawepo, yahitajika maneno mawili: mmoja apendekeze, na mwenzake akubali. Wengi hudhani kwamba mwenye duka ndiye apendekezaye kwa kuandika bei, na mnunuzi ndiye akubaliye kwa kutoa fedha. Wanasheria hulitazama jambo hili kinyume. Kadi ya bei ni mwito tu, kama mwito wa mwuza samaki sokoni awaitaye watu waje wapatane naye. Mnunuzi awekapo fedha mezani ndipo anapopendekeza, kana kwamba anasema, "Niuzie kitu hiki kwa fedha hizi." Na mwenye duka yu huru kusema ndiyo au kusema la. Akisema la, hapana mapatano, na pasipo mapatano hapana wa kushtakiwa.

Hukumu ijulikanayo zaidi juu ya jambo hili ilihusu kisu. Mwaka 1959 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku kuuza, au kupendekeza kuuza, visu vya kufyatuka, yaani vile ambavyo ukibonyeza kitufe makali hutoka yenyewe. Mwaka huo huo mwenye duka mmoja wa mji wa Bristol aliweka kisu cha namna hiyo katika dirisha la duka lake, pamoja na kadi iliyotaja bei yake, shilingi nne. Askari alikiona, na mwenye duka akashtakiwa kwa kosa la kupendekeza kukiuza. Mahakama ya chini ilimwachilia. Polisi wakakata rufani, wakashindwa mwaka 1960. Jaji Mkuu, Lord Parker, alikiri kwamba mtu asiyesoma sheria angeona ni upuuzi kusema kisu kile hakikupendekezwa kuuzwa. Lakini, akasema, katika sheria ya mikataba kitu kilichowekwa dirishani na bei yake ni mwaliko tu wa kufanya biashara. Bunge likalazimika kuirekebisha sheria mwaka 1961, ili hata kukionyesha kisu kama hicho kwa nia ya kukiuza kuwe kosa.

Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1953, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuamua kesi ya duka la dawa la Boots lililokuwa Edgware, karibu na London. Duka hilo lilikuwa la mtindo uliokuwa mpya wakati ule: mnunuzi hujichukulia vitu mwenyewe rafuni, akavitia kikapuni, kisha akaenda kulipa karibu na mlango. Sheria ilitaka dawa zenye sumu ziuzwe chini ya usimamizi wa mfamasia, na mfamasia alisimama pale pa kulipia. Basi swali likawa, mauzo hufanyika wapi? Chama cha wafamasia kilidai kwamba hufanyika rafuni, mtu anapochukua chupa. Majaji walikataa, na sababu yao ni nyepesi kufahamika. Kama mapatano yangetimia rafuni, mtu aliyekwisha kutia chupa kikapuni asingeweza kuirudisha akiona nyingine iliyo bora, kwani angekuwa amekwisha kuinunua! Tazama jinsi kanuni hii inavyomlinda mnunuzi naye. Uhuru ule ule unaotuwezesha kurudisha sabuni rafuni tunapokumbuka kwamba fedha hazitatosha ndio unaomwezesha mwenye duka kusema, "Hapana, bei hii si yake."

Iko sababu nyingine, nayo ni ya zamani zaidi. Mwaka 1896 majaji wakuu wa Uingereza walisema, katika kesi iliyohusu mfanya biashara wa mvinyo, kwamba orodha ya bei haiwezi kuwa ahadi ya kuuza. Ingekuwa ahadi, mfanya biashara angefungwa kumpa kila aitakaye orodha ile mvinyo kiasi chochote atakacho, hali ghala yake ina mwisho. Wangekuja watu mia kutaka mapipa kumi yaliyopo, tisini kati yao wangemshtaki.

Hata hivyo, yako matangazo ambayo ni ahadi kweli. Mwaka 1956 duka moja la mji wa Minneapolis, Marekani, lilitangaza gazetini kwamba Jumamosi litauza makoti matatu mapya ya manyoya, yenye thamani ya kufika dola 100, kwa dola moja tu kila moja. Atakayetangulia kufika ndiye atakayehudumiwa kwanza. Juma lililofuata likatangaza mtandio mmoja wa manyoya wenye thamani ya dola 139 na senti 50, nao kwa dola moja. Mwanamume mmoja alifika wa kwanza mara zote mbili, dola yake mkononi. Mara zote mbili alikataliwa, ati kwa kuwa kanuni ya duka ilikuwa kuwauzia wanawake peke yao, jambo ambalo tangazo halikulitaja. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya jimbo la Minnesota ilikubali kwamba alipwe dola 138 na senti 50 kwa ajili ya mtandio, yaani thamani yake, ukiondoa ile dola moja ambayo angelipa. Kwa makoti hakupata kitu, kwa sababu maneno "yenye thamani ya kufika dola 100" hayakuonyesha thamani hasa. Tangazo la mtandio lilikuwa wazi: kitu gani, kingapi, kwa bei gani, na apewe nani. Halikuacha neno la kupatana. Duka lile, tena, halikukosea bei, lilijua lilichokiandika.

Hadi hapa tumetazama wakati ambapo mwenye duka ameliona kosa kabla ya kukubali fedha. Je, ikiwa amekwisha kuzipokea? Hapa jambo ni gumu zaidi. Kanuni ni kwamba kosa la upande mmoja peke yake halivunji mapatano. Ikiwa viatu vya Sh. 35,000 vimeandikwa Sh. 32,000, mama akalipa, akapewa risiti na kwenda zake, mwenye duka hawezi kumfuata kesho yake nyumbani kudai Sh. 3,000. Mama hakumdanganya mtu. Alisoma bei, ikamfaa, akalipa. Aliyekosea na abebe kosa lake.

Lakini yule aliyejua? Mwaka 1939 mahakama moja ya London ilisikiliza kesi ya ngozi 30,000 za sungura wa Argentina. Katika mazungumzo yote ya kwanza, bei ilikuwa imetajwa kwa kila ngozi, kama ilivyokuwa desturi ya biashara hiyo. Wauzaji walipoandika barua ya mwisho, kwa makosa waliandika bei ile kwa kila ratili. Ratili moja ilikuwa na ngozi karibu tatu, hivyo bei ikashuka hata theluthi moja. Wanunuzi wakakubali upesi, na wauzaji walipokataa kuzitoa ngozi, wakawashtaki. Jaji Singleton aliwakatalia. Alisema kwamba watu wa biashara ile hawakuweza kukosa kutambua kuwa pana makosa, na mtu hawezi kulishika neno ambalo anajua mwenzake hakulikusudia.

Kesi iliyofanana na hiyo ilitokea Singapore, safari hii katika intaneti. Mwezi wa Januari, 2003, kampuni moja iliweka printa za dola 3,854 za huko kwa bei ya dola 66, kwa kosa la mfanyakazi. Usiku wa manane marafiki sita, wakipashana habari, waliagiza printa 1,606. Kila agizo lilijibiwa na barua pepe iliyotumwa na mashine yenyewe, kwamba limekubaliwa. Asubuhi kampuni iligundua kosa, ikakataa. Wale sita walishtaki, wakashindwa mwaka 2004, na tena katika rufani mwaka 2005. Majaji walisoma ujumbe waliopelekeana usiku ule, wakaona kwamba walijua vema bei ile haikuwa ya kweli. Kwa maoni yangu walihukumu sawa. Mtu aagizaye printa mia kadhaa usiku, kabla kosa halijasahihishwa, hawezi kujiita mnunuzi wa kawaida.

Sasa tumrudie mzee wa baiskeli. Tuseme yule kijana wa dukani alipokea Sh. 24,500 na kumpa baiskeli. Mzee akidai baadaye kwamba alidhani ndiyo bei ya kweli, hakimu atamwuliza kama alipata kusikia baiskeli mpya ya bei hiyo mahali popote. Kosa likiwa kubwa, ni vigumu kumsadiki asemaye hakuliona.

Msomaji atauliza, hukumu za Ulaya na Singapore zatuhusu nini? Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo leo ni Sura ya 345, ilitungwa Tanganyika mwaka 1961 kwa kufuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo nayo iliandikwa kutokana na kanuni za Kiingereza. Inasema kwamba watu wamekubaliana pale wanapokubali jambo lile lile kwa maana ile ile. Na kwamba kosa la mmoja peke yake juu ya jambo fulani haliupi mkataba sababu ya kuvunjwa. Jirani zetu wa Kenya wana sheria yao ya mikataba, nayo yataja waziwazi kwamba kanuni za Kiingereza ndizo zitumikazo. Ndiyo maana hukumu ya kisu cha Bristol husomwa hata leo katika vyuo vya sheria huku kwetu.

Chenji iliyozidi ni jambo jingine kabisa, na wengi hulichanganya na hili. Ukitoa noti ya Sh. 5,000 ukarudishiwa chenji ya Sh. 10,000, hukununua fedha zile wala hazikutangazwa bei. Fedha zilizotolewa kwa makosa sheria yataka zirudishwe.

Wenzetu waliosoma fikihi wataona kwamba mambo haya si mageni pwani. Huko nako biashara husimama juu ya maneno mawili, ijabu na kabuli. Ila katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, muuzaji na mnunuzi wana khiyari ya kuvunja biashara maadamu hawajaachana mahali pale walipouziana, isipokuwa kama wamekwisha kuiacha khiyari hiyo. Kwa hiyo mwenye duka aliyegundua kosa kabla mnunuzi hajatoka angeweza kulitengeneza, hata baada ya fedha kupokewa. Sheria ya serikali haina nafasi hiyo.

Wala mtu asidhani kwamba mwenye duka ameachiwa aandike bei yoyote apendayo kisha aseme "nimekosea." Yuko mfanya biashara ambaye huweka bei ndogo mlangoni makusudi ili kuwavuta watu, na wakifika mezani, wengine wakiwa wamelipa nauli kutoka mbali, huambiwa bei imepanda. Huyo hakukosea, amedanganya. Mnunuzi hawezi kumlazimisha auze, lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kuwapotosha watu katika biashara, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yataka iwepo sheria ya matangazo ya kweli na ya haki. Atakayelalamika na aipige picha kadi ile ya bei, na aandike tarehe, kwa kuwa kadi huondolewa upesi.

Limebaki neno moja, nalo lawahusu zaidi wale watakaomaliza masomo na kupata kazi madukani. Kosa la sifuri moja likigunduliwa, mara nyingi mwenye duka humgeukia kijana aliyeandika kadi na kumkata mshahara wote wa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu kufanya hivyo. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu yake, kiasi chake na jinsi alivyokihesabu. Mfanyakazi apewe nafasi ya kulipinga dai hilo. Na deni lisizidi hasara yenyewe. Hata hayo yote yakitimia, makato ya namna hiyo hayawezi kupita robo moja ya mshahara wake.