Je, Wajua? Sumu Imekwenda Zake, Pafu Bado Linaumwa

Je, wajua kwamba gesi ya haradali si gesi, wala haina haradali? Ni kimiminika kizito kama mafuta. Jina lilitokana na harufu, ambayo wengine huifananisha na kitunguu saumu. Wajerumani waliitumia vitani mara ya kwanza Julai 1917, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji.

Na wajua kwamba ilimwagwa hapa hapa Afrika Mashariki? Desemba 1935 ndege za Mussolini, mtawala wa Italia, ziliidondosha karibu na mto Takkaze, kaskazini mwa Ethiopia, juu ya askari wa kamanda wa Ethiopia, Ras Imru. Baadaye ndege zikafungwa vinyunyizio, sumu ikashuka kama mvua juu ya watu, mifugo na maji ya kunywa. Italia ilikuwa imeshaukubali Mkataba wa Geneva wa 1925 unaokataza kutumia silaha hizo vitani. Mfalme Haile Selassie alikwenda mwenyewe Geneva kulieleza Shirikisho la Mataifa, tarehe 30 Juni 1936, na waandishi wa habari wa Kiitalia wakampigia miluzi. Wizara ya Ulinzi ya Italia ilikuja kukiri mwaka 1996. Miaka sitini! Waliovuta sumu ile wakiwa watu wazima, wengi hawakuwepo tena kulisikia ungamo hilo.

Wajua kwamba anayeguswa nayo huweza asihisi kitu kwa saa kadhaa? Macho huanza kuwasha baadaye, ngozi ikatoka malengelenge, sauti ikakauka, kikohozi kikafuata. Kufikia hapo imeshachelewa, kwa kuwa ndani ya dakika chache tu kemikali hiyo huwa imekwisha kujishikiza kwenye DNA.

Sasa tufike kwenye kiini. Karibu kila seli ya mwili wako, ya pafu kwa ya kidole, ina jeni zilezile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Seli iliyojeruhiwa huwasha jeni za dharura: za kuita askari wa kinga, za kufuma kovu, za kujikinga na oksijeni kali inayounguza. Jeraha likipona, jeni hizo hupaswa kuzimwa.

Je, wajua kwamba kwa baadhi ya watu jeni hizo hazirudi katika hali yao ya zamani? Ushahidi ulipatikana Iran. Katika vita vya 1980 hadi 1988 Iraq iliwapiga Wairani kwa gesi ya haradali, na tarehe 28 Juni 1987 mabomu yaliangukia mji wa Sardasht, kwenye makazi ya raia. Takriban miaka ishirini baadaye madaktari walichunguza mapafu ya walionusurika. Sumu yenyewe ilikuwa imekwisha kutoka mwilini zamani sana, lakini watu walikuwa bado wanakohoa na kuhema, vijia vyao vidogo vya hewa vimebanwa na makovu. Protini iitwayo TGF-beta, ile inayoamrisha kovu lifumwe, ilikuwa nyingi kupita kawaida. Lililonishangaza zaidi ni hili: jeni za kimeng'enya kinachotuliza oksijeni kali zilikuwa zimewashwa kwa nguvu, ilhali kimeng'enya chenyewe kilikuwa pungufu. Amri inatolewa, kazi haionekani.

Wajua nani aliyethibitisha kwamba kemikali inaweza kubadilisha jeni? Charlotte Auerbach, mwanamke Myahudi aliyemkimbia Hitler akapata kazi Edinburgh. Yeye na J. M. Robson waliwavutisha nzi wadogo wa matunda gesi ya haradali wakati wa Vita vya Pili, wakaona mabadiliko yakirithiwa na vizazi vya nzi. Mikono yake iliungua kwa kazi hiyo. Kwa sababu ya siri za vita, matokeo yalichapishwa 1946.

Msomaji wa Nkoma, pale Mbale, huenda anauliza Ethiopia na Iran zinamhusu nini. Basi apande gari hadi Jinja. Mwaka 1957 daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya, akashindwa kuuelewa. Muda si mrefu, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Mtoto mmoja angeweza kuwa sadfa tu. Wawili wakamfanya aanze kutafuta. Saratani hiyo leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Wajua ilitibiwa kwa nini? Kwa saiklofosfamaidi, dawa ya ukoo wa haradali! Sumu inayoshika DNA huua kwanza seli zinazogawanyika upesi, na seli za uvimbe ule ni miongoni mwa zinazogawanyika upesi zaidi. Baadhi ya watoto wa Uganda uvimbe wao uliyeyuka baada ya dozi chache tu, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda mwaka 1967. Lakini damu ya ukoo haifichiki: kwa wagonjwa wachache, dawa hiyo huweza kuleta makovu ya mapafu miaka mingi baada ya matibabu kwisha. Faida yake bado ni kubwa kuliko hasara, kwa hiyo asije mtu akaikimbia dawa kwa kusoma safu hii.

Na si haradali tu inayodhuru mapafu: wajua kuhusu parakwati, dawa ya magugu ambayo wakulima wengi waliijua kwa jina la Gramoxone? Ikimezwa, seli za mapafu huivuta na kuilimbikiza. Haina kiuasumu, na kumpa mgonjwa oksijeni bila uangalifu huzidisha uharibifu. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda.

La mwisho: klorini, gesi iliyotumiwa Ypres mwaka 1915 kabla ya haradali, inaweza kutengenezwa chooni kwako kwa bahati mbaya. Ukimwaga Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, pamoja na dawa ya choo yenye asidi, inatoka palepale. Tumia moja tu, suuza kwa maji mengi, fungua dirisha. Ukihisi kifua kinabana, toka nje kwanza, kisha nenda hospitali hata kama nafuu imeshakuja, maana mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.