Bustani ya mawe katika Lesoto

Lesoto ni nchi ndogo ya milima. Nchi ya Afrika ya Kusini inaizunguka pande zote. Hata mabonde yake yanapita meta 1,000 juu ya bahari. Wakati wa baridi theluji inaanguka milimani. Wakati wa mvua maji yanashuka kwa nguvu na kuchukua udongo mzuri. Yanaacha makorongo na mawe.

Kisha ilikuja taabu nyingine. Katika miaka ya 2000 ugonjwa wa ukimwi ulishika karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne. Wazazi wengi walikufa, watoto wakabaki na bibi zao. Nani atalima? Mzee hawezi kuinama mchana kutwa. Na mtoto mwenye njaa hashiki maneno ya mwalimu.

Basi, watu walijenga bustani za mviringo kwa mawe yaleyale. Ukiitazama toka juu, bustani hiyo inafanana na tundu la ufunguo. Vijana wa kujitolea wa Peace Corps, waliofika Lesoto tangu 1967, ni kati ya watu waliozijenga pamoja na wanafunzi.

Tazameni namna ya kuijenga. Chagueni pahali karibu na jiko. Simikeni kijiti, fungeni kamba ya meta 1, mchore duara. Upande mmoja acheni njia nyembamba ya kufika katikati. Hapo katikati simamisheni kikapu cha fito na majani makavu. Chini tandikeni mikebe ya zamani na mabua ya mahindi. Juu yake tieni mbolea ya ng'ombe, majivu na udongo. Kisha rudieni tena. Huku mkijaza, pandisheni ukuta wa mawe mpaka kiunoni.

Kikapu ni cha nini? Kila siku wanatia ndani maganda ya mboga na maji yaliyooshea sahani. Maganda yanaoza na kuwa mbolea. Maji yanapenya polepole mpaka kwenye mizizi. Na mawe? Mchana yanashika joto la jua, usiku yanalirudisha. Tena yanazuia udongo usichukuliwe na mvua. Na ukuta mrefu? Ni ili bibi mzee apalilie amesimama. Hivi watoto wanapata mboga, yaani moroho, ya kulia bugali wa mahindi, ambao kwao unaitwa papa.

Lakini kijana wa kujitolea anakaa miaka 2 tu, kisha anarudi kwao. Wakati wa mapumziko masomo yanafungwa. Asipokuwako mtu wa kutia maji, kikapu kinakauka na mboga zinakufa. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alilishika jembe vizuri. Sasa anaondoka, na jembe linabaki mkononi mwa wenyeji. Mwanafunzi aliyejifunza kweli atajenga bustani ya pili nyumbani kwa bibi yake.

Maulizo
1. Kwa nini mvua ya Lesoto inaharibu mashamba?
2. Kikapu cha katikati kina kazi gani?
3. Kwenu, nani angetunza bustani ya masomo wakati wa mapumziko?