JUMBA LIKIKARABATIWA, MWENYEJI ASIFUNGIWE MLANGO

Abiria ashukaye kivuko cha Kamanga upande wa Mwanza hana haja ya kwenda mbali kuliona jumba walilolijenga Wajerumani juu ya majabali ya kilima ambacho wenyeji hukiita Robert Koch. Ndugu zetu wa Ukerewe nao wanalo lao pale Bukindo, lililokuwa makao ya watawala wao zama za ukoloni. Majumba ya namna hii huvuta macho ya wenye fedha, hasa tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 na kuwarahisishia wageni njia.

Sisi hatupingi jumba la kale kugeuzwa hoteli. Nyumba isiyokaliwa huliwa na mchwa na mvua, na matengenezo yaliyochelewa huwa ghali kupita kiasi. Beit-el-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilibomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati ikifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha.

Swali letu ni la masharti. Huko huko Unguja liko jumba la Mambo Msiige la karne ya 19, lililopata kuwa mikononi mwa wamisionari na baadaye serikali ya Waingereza, na ambalo tangu mwaka 2015 ni sehemu ya hoteli kubwa ya kimataifa. Kuta zimepona, hilo hatulikani. Lakini jengo jipya lililoinuliwa ubavuni mwake lilizusha mvutano mrefu na Kamati ya Urithi wa Dunia, iliyouorodhesha Mji Mkongwe mwaka 2000. Na hayo yalitokea mahali penye mamlaka yake maalumu ya hifadhi tangu mwaka 1985!

Huku Ziwani kinga yetu ni nyembamba zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilipotungwa, ililinda kwa umri wake jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Kwa hesabu hiyo hakuna jumba lao hata moja lililoingia katika ulinzi huo. Lazima Waziri alitangaze. Waheshimiwa wa Mkoa na Halmashauri hawana budi, basi, kupeleka orodha kwa Waziri kabla mwekezaji hajabisha hodi, wala si baada ya kuweka sahihi.

Tena majumba haya hayakuwa hisani ya wageni. Zama zile zilikuwa za kodi na kazi za shuruti, na wazee wetu ndio walioubeba mzigo wake. Wajukuu wao wasije wakaingia humo kwa mlango wa jikoni peke yake.

Mvuvi naye asisahauliwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la kulindwa. Uzio wa hoteli usiufanye ukanda huo kuwa bustani ya wageni, wala usizibe njia ya kwenda mwaloni. Njia hiyo ichorwe katika ramani ya mkataba, na mkataba wenyewe uandikwe kwa Kiswahili, usomwe mbele ya mkutano wa hadhara.